W. Montague Cobb, profesa wa mifupa mwenye alipinga ubaguzi katika masomo ya juu

Wakati mifupa ya mtu inapatikana bila jina, kuko wataalamu wenye wanaichunguza juu ya kujua: ni mwanaume ao mwanamuke, alikuwa na umri gani, alikufa namna gani. Elimu hiyo inasaidia tribinali, na inasaidia familia zenye zinatafuta watu wao. Lakini kwa miaka mingi elimu ya mifupa ilitumiwa pia kwa kazi mbaya: kusema kama watu weusi ni wadogo kuliko wazungu. Kati ya wale wenye walipinga uongo huo ni Mmarekani mweusi, William Montague Cobb.

Jambo lenye linagusa Congo pia

Mwezi wa 12 mwaka wa 1884, watu wa ofisa Mbelgiji Émile Storms walimuua chifu Lusinga katika inchi ya Watabwa, karibu na ziwa Tanganyika. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ubelgiji. Kule wataalamu walilipima, sawa vile walipima mafuvu mengine mengi ya Waafrika, juu ya kupanga watu kwa madaraja. Mambo hayo yalifundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani kama sayansi ya kweli.

Cobb ni nani?

Alizaliwa Washington mwaka wa 1904. Alimaliza masomo ya udaktari katika chuo kikuu cha Howard mwaka wa 1929, kisha akapata doktora ya antropolojia huko Cleveland mwaka wa 1932. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata doktora katika elimu hiyo ya mwili wa binadamu. Vyuo vingi vya udaktari vilikuwa vinakataa wanafunzi weusi, na waganga wengi weusi walitoka Howard na Meharry tu. Cobb alirudia Howard na akafundisha huko zaidi ya miaka 40.

Mguu wa Jesse Owens

Mwaka wa 1936, Jesse Owens alipata medali 4 za zahabu katika michezo ya Olimpiki ya Berlin. Watu wakasema: anakimbia mbio juu ana mifupa ya kisigino na misuli ya mtu mweusi. Cobb hakubishana kwa maneno tu. Alimpima Owens mwenyewe, na akaona kama mguu wake haulingani na ile yenye vitabu viliita mguu wa "mtu mweusi". Akaandika kama hakuna alama hata moja ya mwili yenye wakimbiaji weusi wote walikuwa nayo. Mazoezi na bidii ndivyo vinaeleza ushindi.

Labo ya Howard

Cobb alijua kama bila mifupa ya kusomea, wataalamu weusi wangebaki kusoma tu yale wengine waliandika. Kwa hiyo alikusanya mifupa ya watu zaidi ya 600 ndani ya Howard. Alisoma sana namna mifupa inabadilika kadiri mtu anazeeka. Wachunguzi wanahitaji elimu hiyo wanapotafuta umri wa marehemu. Lakini kuko upande mwingine wa kusema: wengi wa watu hao walikuwa masikini wenye hakuna ndugu alikuja kuchukua maiti yao. Sheria ya wakati ule iliruhusu, lakini wao wenyewe hawakuulizwa.

Kazi nje ya darasa

Kuanzia 1949 mpaka 1977 aliongoza gazeti la chama cha waganga weusi. Kati ya 1957 na 1963 aliita kila mwaka mikutano ya Imhotep, juu ya kudai hospitali zipokee wagonjwa na waganga wote. Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuwa prezida wa chama cha Marekani cha wataalamu wa elimu yake, mweusi wa kwanza. Kuanzia 1976 mpaka 1982 alikuwa prezida wa NAACP. Alikufa mwaka wa 1990.

Nini kilibaki?

Mwaka wa 1991, kazi ya ujenzi huko New York ilifunua makaburi ya zamani ya Waafrika, wengi wao watumwa. Wazao wao hawakutaka mifupa ichunguzwe na watu wenye hawawaheshimu. Walipigania, na mifupa ya watu zaidi ya 400 ikapelekwa Howard, katika labo yenye jina la Cobb. Profesa Michael Blakey na wenzake waliona alama za kazi ngumu na njaa, hata kwa watoto. Mwaka wa 2003 mifupa ilirudishwa New York na kuzikwa kwa heshima.

Ndio maana swali la nani anaingia chuo kikuu, na nani anafundisha, si la diploma tu. Mwenye kushika kipimo ndiye anaandika habari ya wafu.