Kampuni ya Shaba na Wajawazito wa Katanga

Katika kambi za wafanyakazi za Union Minière du Haut-Katanga, kusini mwa Kongo ya Wabelgiji, mimba ya mke wa mchimba shaba ilikuwa jambo la kampuni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, mwanamke aliyejihisi mjamzito alitakiwa kufika zahanati ya kambi, aandikwe, apimwe, na arudi kila alipoitwa mpaka siku ya uchungu. Aliyehudhuria alipata posho ya ziada. Aliyejifungulia wodi ya wazazi ya kampuni alirudi nyumbani na zawadi za mtoto mchanga. Haukupita muda mrefu, kujifungulia hospitali kukawa desturi kambini, wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika mwanamke alijifungulia nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi na mama mkwe.

Siku hizi kampuni kubwa hutangaza kwa fahari mipango yao ya kuwahudumia wajawazito: bima, ushauri wa lishe, likizo yenye malipo, chumba cha kunyonyeshea. Ni mipango mizuri na mama yeyote angeitaka. Lakini si mipya, na Afrika haikuisikia kwa mbali. Katanga iliishi nayo kwa zaidi ya nusu karne. Namna ilivyoanza, na hasa namna ilivyokwisha, ni habari inayomhusu kila mama ambaye leo kliniki yake inalipiwa na tajiri wa mumewe au wake mwenyewe.

Mbegu yake ilitoka Ulaya ya viwanda. Huko Mulhouse, mji wa viwanda vya nguo mashariki mwa Ufaransa, katika miaka ya 1860 mwenye kiwanda Jean Dollfus aliona watoto wa wafanyakazi wake wa kike wakifa kwa wingi, kwa sababu mama alirudi kwenye mashine siku chache tu baada ya kujifungua na mtoto akabaki bila ziwa. Dollfus akaamua kuwalipa wazazi hao mshahara wa wiki 6 wakae nyumbani wanyonyeshe. Vifo vya watoto vikapungua sana, na wenye viwanda wenzake wakaunda naye mfuko wa pamoja, wanawake nao wakichangia. Mwaka 1895, mjini Paris, daktari Adolphe Pinard aliwaonyesha wenzake kwamba wanawake waliopumzika kabla ya kujifungua walizaa watoto wazito kuliko wale waliofanya kazi hadi dakika ya mwisho. Pinard huyo ndiye aliyetuachia kile kipembe cha mbao ambacho mkunga hukiweka tumboni kwa mama kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Bado kipo katika zahanati zetu nyingi za vijijini.

Madaktari hao walijali uhai wa watoto. Nyuma yao, hata hivyo, kulikuwa na taifa lililoshindwa vitani na Wajerumani mwaka 1871 na lenye hofu kwamba halizai askari na vibarua wa kutosha. Huruma na hesabu vilikwenda pamoja tangu mwanzo. Vilipofika Katanga, hesabu ndiyo iliyotangulia.

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa, na mwaka uliofuata tanuru likaanza kuyeyusha shaba. Watu wa kuifanya kazi hiyo hawakuwapo karibu. Waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Lomami na kwingineko, kwa mikataba ya miezi michache, wanaume peke yao, wakalazwa wamebanana katika vibanda. Walikufa kwa nimonia, kwa kuhara, kwa homa ya matumbo. Mwaka 1918 mafua makuu yakapita humo humo. Waliosalia walimaliza mkataba wakaenda zao, na kampuni ikalazimika kutuma tena mawakala vijijini, kushindana na reli na mashamba ya Wazungu kuwania vijana wale wale. Kuanzia 1925 ikawafuata hadi Rwanda na Burundi. Kila mfanyakazi mpya aligharimu safari, chakula, chanjo na miezi ya kujifunza kazi.

Hapo ndipo mwanamke alipoingia kwenye vitabu vya kampuni. Karibu mwaka 1928 Union Minière ilianza kutoa mikataba ya miaka 3 na kuwahimiza wafanyakazi waje na wake zao. Kijana ambaye hajaoa aliweza kupata msaada wa mahari. Nyumba za matofali zikajengwa, mke na watoto wakapewa posho yao, shule za watoto zikakabidhiwa wamisionari wa Kikatoliki. Msimamizi mkuu wa siasa hiyo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, aliyeongoza idara ya wafanyakazi Waafrika na ambaye mwaka 1946 alichapisha kijitabu cha kuieleza. Mottoulle hakuficha shabaha yake. Mfanyakazi mwenye mke hatoroki. Aliyelishwa vizuri hafi. Na mtoto aliyezaliwa kambini, akapimwa na daktari wa kampuni na kufundishwa na masista, atakuwa fundi asiyehitaji kutafutwa kijijini. Mwafrika, machoni pake, alikuwa mtoto wa kulelewa, na kampuni ndiyo mzazi.

Kliniki za wajawazito za enzi hizo hazikuwa na mashine nyingi. Mama alipanda mizani. Mkojo wake ulichemshwa kutafuta protini, dalili ya kifafa cha mimba. Damu iliangaliwa kaswende, ugonjwa uliokuwa ukiua vichanga na kuharibu mimba katika miji ya migodi. Sista au muuguzi alilipapasa tumbo kujua mtoto amelalaje, kisha akainamisha sikio kwenye kipembe. Kazi hizi chache zikifanywa kwa wakati huokoa maisha, na ziliokoa. Tusimnyime mtu haki yake: mwanamke wa kambi ya Kipushi au ya Panda alikuwa na nafasi kubwa ya kutoka salama katika uzazi kuliko dada yake aliyebaki kijijini.

Lakini kampuni haikuishia kwenye mizani. Iliingia hadi chumbani.

Katika jamii nyingi za Kongo, kama ilivyokuwa pwani na bara kwetu, mama aliyejifungua alikaa mbali na mumewe mpaka mtoto atembee na kuacha ziwa. Kumrudia mume mapema ni kumbemenda mtoto: anadhoofika, anaharisha, pengine anakufa. Hivyo wake wengi walirudi kujifungulia kwao, wakalea huko miaka 2 au 3 kabla ya kurejea. Kwa wazee huo ulikuwa uzazi wa mpango uliokomaa. Kwa kampuni ulikuwa hasara. Mume aliyeachwa peke yake angeweza kumfuata mkewe na asirudi, au angeoa mke wa pili, na idadi ya watoto kambini ingeongezeka polepole mno. Mwanahistoria wa Kimarekani Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya mwaka 1988, alionyesha jinsi madaktari, masista na mabibi wa Kibelgiji walivyojitia katika jambo hilo: maziwa ya ng'ombe na uji vikagawiwa ili mtoto aachishwe ziwa mapema, mama arudi kwa mumewe, na mimba nyingine ifuate. Posho ya ziada na zawadi za mtoto zilikuwa na kazi hiyo pia. Kambini kulikuwa na jiko la pamoja ambamo watoto walikula chakula kilichopikwa na kampuni, mbele ya macho ya wasimamizi, kwa hofu kwamba kikipelekwa nyumbani ndugu watagawana.

Wanawake hawakulishwa tu na kunyamaza. Wengine waliendelea kwenda kwao kujifungua. Wengine walipokea maziwa na bado wakanyonyesha muda mrefu kama mama zao walivyofanya. Wengi walichukua walichokiona chema, hasa dawa na wodi, wakaacha lililobaki. Hata hivyo vipindi kati ya mtoto na mtoto vilipungua kambini, familia zikawa kubwa, na mzigo wa kuzaa mfululizo ukabebwa na mwili wa mama.

Kuna jambo moja ambalo ningependa msomaji alishike kabla hatujasonga mbele. Katika mpango huu wote mwanamke hakuwa na mkataba wowote. Haki yake ya kliniki ilipitia kwa mumewe. Ilibidi atambulike kuwa ni mke, kwa maana wanawake wasio na waume walifukuzwa kambini. Mume akiachishwa kazi, nyumba, posho na kitanda cha wodi viliondoka naye siku hiyo hiyo. Bei ya shaba ilipoporomoka duniani baada ya 1929, Union Minière ilipunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake, na maelfu ya familia zikarudishwa zilikotoka. Mama aliyekuwa na mimba ya miezi 7 wakati huo alikoma kuwa mgonjwa wa kampuni.

Wala ulezi huo haukumpa baba sauti. Desemba 1941, wakati shaba ilipohitajika kwa vita na bei za vitu zikipanda kuliko mshahara, wafanyakazi wa Elisabethville waligoma kudai nyongeza. Askari wakawafyatulia risasi, makumi wakafa, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Kampuni iliyokuwa ikimpima mtoto gramu kwa gramu haikuwa tayari kusikia baba yake akisema mshahara hautoshi.

Uhuru ulikuja, Katanga ikajitenga na Kongo kisha ikarudishwa, na mwanzoni mwa 1967 serikali ya Rais Mobutu ikaitaifisha Union Minière. Baada ya muda jina likawa Gécamines. Mpango wa kulea familia ulibaki ule ule, hata ukapanuka: hospitali, wodi za wazazi, shule, unga wa kila mwezi, kwa wafanyakazi zaidi ya 30,000 na jamaa zao. Katikati ya miaka ya 1980 migodi hiyo ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliihesabu kampuni kuwa baba na mama.

Kisha baba huyo akaanguka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Vifaa vilikuwa vimechakaa na fedha zimechotwa kwa mambo ya serikali ya Kinshasa. Mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi, halafu miaka. Hospitali za kampuni zilibaki zimesimama, madaktari wamo, lakini dawa, glavu na uzi wa kushonea vikawa vya kununua mwenyewe. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa kiinua mgongo kidogo kikiitwa cha kuondoka kwa hiari, na kwa sahihi moja familia zao zikatoka kwenye orodha ya hospitali. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amekwisha kuichapisha habari ya familia hizo katika kitabu cha mwaka 2001, na anwani yake inawaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Binti aliyezaliwa wodi ya Gécamines, na ambaye mama yake naye alizaliwa humo, akajikuta hajui bei ya kujifungua. Haikuwahi kuulizwa nyumbani kwao.

Alama ya mpango ule imo hadi leo katika sheria. Kanuni ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mwanamke aliyeajiriwa wiki 14 za likizo ya uzazi kwa theluthi 2 za mshahara. Tena inamlazimisha mwajiri kumtibu mfanyakazi na familia yake, mimba na uzazi vikiwemo. Kwa matibabu ya familia, ni sheria ya ukarimu. Ila huduma hiyo inadumu hadi mwisho wa mkataba, na mikataba ndiyo imekuwa adimu. Kobalti na shaba ya Katanga leo zinachimbwa na kampuni za kigeni kupitia mawakala wa kazi wa muda mfupi, na pia na wachimbaji wadogo wasio na mwajiri wala kadi ya hospitali. Wake zao wanaosha mawe mtoni wakiwa na mimba. Utafiti uliofanywa Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health ulikuta kwamba watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusiana na madini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za maumbile. Vumbi la mgodi, basi, huenda linamfikia mtoto tumboni bila kuuliza kama baba yake ana mkataba.

Septemba 2023 serikali ya Kongo ilizindua Kinshasa mpango wa kujifungua bila malipo, ambao umekuwa ukipelekwa katika majimbo mengine. Huo ndio mwelekeo sahihi, kwa kuwa unamhudumia mama kwa sababu ni mjamzito, awe mke wa mtu yeyote. Unahitaji fedha za kudumu, na fedha hizo zipo pale pale zinapochimbwa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni ya migodi itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Wanaokaa kwenye kamati za kugawa fedha hizo Kolwezi, Likasi na Lubumbashi waanzie kwenye wodi za wazazi za serikali: wakunga, damu, dawa, na gari la kumwahisha mama usiku. Na wodi hizo zimpokee kila mjamzito, bila kumwuliza mumewe anafanya kazi wapi.