Mama zetu, joto la usiku na dawa ya mkojo wa farasi (Sehemu ya 3)

Leo ilikuwa zamu ya mada ya mifupa, ila maswali yenu yamenigeuza. Karibu wote mmeuliza kitu kimoja: "Nesi, mama yangu anasumbuliwa na joto la kukoma hedhi, atumie homoni au dawa za asili?" Nimekaa nikaona siwezi kujibu bila kuwapa historia yenyewe, maana hofu mliyonayo ina tarehe yake, na imani mliyonayo kwenye mitishamba nayo ina tarehe yake.

Na kabla mdogo wangu mwenye mtoto wa miezi miwili hajasema haimhusu, nimweleze kwa nini inamhusu.

Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, mama alikuja kunikanda. Ilikuwa Juni, baridi kweli. Usiku nikiamka kunyonyesha namkuta yuko macho, dirisha wazi, amelowesha khanga na kujifunga kifuani. Nikadhani anaamka kwa ajili ya mtoto. Siku ya tano nikamuuliza, akasema joto hilo analo mwaka wa pili sasa, linampanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji. Nikamwambia kile nilichofundishwa chuoni: "Vumilia mama, dawa zake ni homoni, na homoni zinaleta kansa." Akanyamaza. Wiki moja baadaye nikifagia chumba chake nikakuta chupa ya lita moja chini ya kitanda, dawa ya "kusafisha kizazi" aliyouziwa stendi. Alikuwa anakunywa kikombe asubuhi na jioni kwa miezi minne. Na kilichomfanya ainunue si joto tu. Damu ilikuwa imerudi, wakati hedhi ilishakata zaidi ya mwaka mzima. Hakuniambia. Mimi nesi, niko naye nyumba moja, na hakuniambia, kwa sababu nilishamwambia avumilie.

Hiyo ya damu nitairudia. Sasa historia.

Neno la kitaalamu linalotumika Ulaya kwa kukoma hedhi lilitungwa na daktari Mfaransa, Charles de Gardanne, na kitabu chake chenye neno hilo kilitoka mwaka 1821. Si kwamba kabla ya hapo wanawake hawakukoma hedhi jamani, walikoma, ila hapo ndipo madaktari walianza kulishika kama jambo lao. Kwa miaka mingi hawakuwa na dawa ya maana ya kutoa, na palipo na pengo biashara huingia.

Mwaka 1875, mjini Lynn, Massachusetts, Marekani, mama mmoja aitwaye Lydia Pinkham alianza kuuza dawa ya mitishamba aliyokuwa akiipika jikoni kwake. Ilitangazwa kwa maumivu ya hedhi na kwa mabadiliko ya umri. Ndani mlikuwa na mizizi kadhaa, ukiwemo ule unaouzwa mpaka leo kwa jina la black cohosh, na mlikuwa na uwatu. Ndiyo, uwatu huu huu mnaokunywa kuongeza maziwa. Mlikuwa pia na pombe, kama asilimia 18, ambayo ni kali kuliko bia yoyote unayoijua. Walisema ni ya kuhifadhi mizizi isiharibike. Sasa mama wa watu amekunywa vijiko vyake, joto limetulia, usingizi umekuja, utajuaje ni mzizi au ni kilevi?

Picha yake ilibandikwa kwenye chupa, sura ya bibi mpole, na matangazo yakawaambia wanawake wamwandikie yeye mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke. Wakaandika kwa maelfu, na majibu yakaja. Mwaka 1883 Lydia akafariki. Majibu yakaendelea kuja! Mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal likachapisha picha ya kaburi lake ili wasomaji waone wenyewe wanamwandikia nani. Nawaomba mkumbuke kaburi hilo kila mkiona akaunti yenye picha ya mama mzuri anayesema "nitumie ujumbe, dawa ni ya asili kabisa".

Lakini nisimwonee Lydia. Wanawake walimkimbilia kwa sababu alikuwa anawasikiliza, na madaktari wa wakati ule hawakuwasikiliza. Mama yangu naye alimkimbilia muuza chupa wa stendi kwa sababu hiyo hiyo, na aliyemkimbiza ni mimi.

Haya, tuje kwenye homoni. Mwaka 1929 wanasayansi, Edward Doisy Marekani na Adolf Butenandt Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walifanikiwa kutenga homoni ya kike ya jamii ya estrojeni. Mwaka 1942 Marekani ikaruhusu kidonge kiitwacho Premarin. Kinatoka wapi? Kwenye mkojo wa farasi wenye mimba. Jina lenyewe limekatwa kwenye maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo. Kwa hiyo anayekwambia homoni ni "kemikali" na mitishamba ni "asili", muulize mkojo wa farasi uko upande gani.

Na bado. Homoni ya pili, projesteroni, ilikuwa ghali mno mpaka mkemia mmoja Mmarekani, Russell Marker, alipokwenda Mexico miaka ya 1940 kuchimba viazi vikuu vya mwituni na kupata njia ya kuigeuza dutu iliyomo kuwa projesteroni. Kuigeuza huko kunafanyika maabara. Mwili wako hauwezi. Kwa hiyo krimu ya viazi vikuu ya kujipaka tumboni "irudishe homoni" hairudishi kitu, hata kama kwenye kopo wameandika asili mara kumi.

Mwaka 1966 daktari wa New York, Robert Wilson, akatoa kitabu Feminine Forever. Alisema kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu, kama kisukari, na kila mwanamke anapaswa kunywa homoni ili asichakae na mume asimchoke. Kiliuzwa kama maandazi ya asubuhi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2002, mwanawe aliliambia gazeti la New York Times kwamba gharama za kukiandika zililipwa na kampuni iliyokuwa inauza vidonge hivyo. Mnaona? Chupa ya jikoni na kidonge cha kiwandani, wote walitafuta mlango ule ule: hofu ya mwanamke kuzeeka.

Bili ikaja. Desemba 1975 jarida la kitabibu la New England lilitoa tafiti mbili zilizoonyesha kwamba waliotumia estrojeni peke yake walipata kansa ya ukuta wa mfuko wa uzazi mara kadhaa zaidi ya wasiotumia. Sababu yake inaeleweka: estrojeni inaukuza ule ukuta, na bila projesteroni hakuna wa kuuzuia. Ndiyo maana leo mwenye mfuko wa uzazi hupewa homoni zote mbili, na aliyeondolewa mfuko huweza kupewa estrojeni tu.

Sasa nifike 2002, mwaka ulioandika hofu yetu yote.

Marekani ilikuwa na utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative. Wanawake 16,608 wenye umri wa miaka 50 hadi 79, wote wana mfuko wa uzazi, wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine homoni mbili, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa. Julai 2002 ukasitishwa kabla ya muda, na vichwa vya habari duniani vikasema homoni zinaongeza kansa ya titi kwa asilimia 26. Wanawake wakatupa vidonge. Vyuo vikafundisha hivyo. Mimi nikafundishwa hivyo, nikamfundisha mama yangu.

Hesabu zenyewe ni hizi. Kati ya wanawake 10,000 waliotumia homoni kwa mwaka mmoja, 38 walipata kansa ya titi. Kati ya 10,000 wa kidonge kitupu, 30. Kiharusi 29 kwa 21. Kuvunjika nyonga 10 kwa 15, hapo homoni ilisaidia. Nilimwandikia mama hesabu hizi nyuma ya kadi yangu ya kliniki. Akaziangalia sana, akauliza, "Hawa 30 walikunywa nini?" Nikasema hawakunywa dawa yoyote, mama. Akasema, "Kumbe hata asiyekunywa anaumwa." Miaka mitatu ya diploma na sikuwahi kulisema kwa ufupi hivyo.

Hatari ipo, siifichi. Wanane zaidi ni wanane wenye majina na watoto. Ila kuna jambo lingine vichwa vya habari viliruka: wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi hedhi yao ilikata zamani, si wale wa miaka 50 wanaofungua dirisha usiku. Walipochambuliwa upya kwa umri, picha ikabadilika: kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi haijapita miaka 10 tangu ikome, mwenye dalili kali na asiye na kizuizi, faida mara nyingi huzidi hatari. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuliondoa sehemu kubwa ya lile onyo zito kwenye maboksi, ila la kansa ya mfuko wa uzazi kwa estrojeni ya kutumia peke yake likabaki.

Na mitishamba nayo ilipimwa, msidhani ilionewa. Mwaka 2006 ulitoka utafiti wa wanawake 351, mwaka mzima: black cohosh, mchanganyiko wa mimea, ushauri wa kula soya zaidi, homoni na kidonge kitupu. Mimea haikukishinda kidonge kitupu, homoni ilikishinda. Cha ajabu, kwenye majaribio ya homoni yaliyokusanywa pamoja, hata waliomeza kidonge kitupu joto lao lilipungua zaidi ya nusu. Joto la kukoma hedhi hupungua lenyewe kwa muda, na imani nayo inatuliza. Kwa hiyo jirani akisema "mimi ilinisaidia", hasemi uongo. Soya kwenye uji hata mimi naweka, ni chakula kizuri, inaweza kupunguza kidogo. Chupa isiyo na maelezo ya kilichomo ni habari nyingine, na black cohosh yenyewe imewahi kuhusishwa na watu kuumwa ini.

Narudi kwenye damu. Hedhi ikishakata mwaka mzima, damu ikirudi hata tone, ni hospitali, hata kama haiumi. Si ya kusafisha kwa chupa. Mama tulimpeleka, akapigwa ultrasaundi, wakachukua kipimo cha ukuta wa mfuko, tukasubiri majibu siku kumi na mbili ambazo nisingependa kuzirudia. Ilikuwa kinyama kisicho kansa, kikatolewa. Ingekuwa kansa, ile miezi minne ya chupa ingekuwa miezi minne ya kuchelewa.

Baada ya hapo daktari akampima presha na matiti, akamuuliza kama amewahi kupata kansa ya titi, damu kuganda miguuni au mapafuni, kiharusi, ugonjwa wa moyo au wa ini, maana mwenye hayo homoni za kumeza kwa kawaida hapewi. Hana. Akampa estrojeni ya kupaka kwenye ngozi, kwa sababu hatari ya damu kuganda ni ndogo kuliko ya vidonge, na projesteroni ya kumeza usiku. Mama akauliza, "Hii ni ya farasi?" Daktari akacheka, akamwambia hapana. Ataonwa tena baada ya miezi mitatu, wapime upya kama aendelee.

Jana kanipigia kuulizia mtoto. Nikamuuliza na yeye analalaje. Akasema dirisha anafunga, mbu wamezidi.

Niko zamu ya usiku mpaka Ijumaa, maswali nitaanza kuyajibu Jumamosi. Ukiuliza kuhusu mama yako, andika umri wake, hedhi ilikata lini, na kama damu imewahi kurudi. Kama hujui, kamuulize kwanza, na umuulize mkiwa wawili tu.