Mizinga ya Lukaya

Kiswahili kina neno moja, mzinga, kwa vitu viwili: pale nyuki wanapokaa na pale bomu linapotokea. Mimi nimeishi na vyote viwili.

Mwishoni mwa Oktoba 1978, nduli Amin wa Uganda alipoingia Kagera na siku chache baadaye kulivunja daraja la Kyaka, nilikuwa porini kwetu Mpanda narina asali. Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa bado. Mkoa wa Katavi umekuja 2012. Nilikuwa nimepitia mgambo, kwata na bunduki ya kupokezana, basi. Tukaitwa vitani, tukapanda treni mpaka Tabora, kisha Mwanza, tukavuka ziwa hadi Bukoba.

Kwa askari wa chini vita ni kutembea. Walinipa buti namba tisa, mguu wangu namba saba, nikajaza majani. Chakula ndizi, mtu aliyezoea ugali na migebuka ya Karema anashiba kwa nusu saa tu. Tulitembea hivyo kupita Mutukula, na Masaka ilipotekwa tarehe 24 Februari 1979 nilidhani kazi imeisha.

Lukaya ni barabara iliyokatiza bwawa la mafunjo. Sisi tulikuwa Brigedi ya 201, wengi wetu mgambo. Jioni ya tarehe 10 Machi, jeshi la Amin pamoja na Walibya aliotumiwa na Gaddafi walifyatua roketi. Na hapa niseme wazi: roketi zile hazikutupiga. Zilipita juu, zikaangukia nyuma yetu. Tulikimbia mlio. Mrina asali anajua kwamba nyuki humfuata anayekimbia, nami tangu utotoni nilifundishwa kutulia mtini huku nimeumwa usoni. Siku ile nilikimbia kama wenzangu, buti la kushoto likabaki kwenye tope.

Usiku sajini mmoja alitupitia kwenye mafunjo, akitukusanya wawili wawili. Nilingoja matusi. Akauliza nani ana tumbaku. Nilikuwa nayo, ya kwetu Mpanda, imelowa. Tuliivuta hivyo hivyo, msokoto mmoja watu sita, na hakuna aliyemwuliza mwenzake alikimbilia wapi. Sijui kama kuna hotuba ambayo ingetuinua kuliko swali lile.

Alfajiri Brigedi ya 208, iliyokuwa imezunguka, iliwapiga watu wa Amin kwa nyuma. Sisi tukawakabili mbele. Nilipigana na buti moja. Walibya wapatao 200 walikufa pale, wengine vijana wadogo kabisa. Nilivua viatu vya mmoja wao. Vilinitosha sawasawa, na ndivyo nilivyoingia navyo Kampala, ilipoanguka tarehe 11 Aprili.

Kwetu asali hurinwa usiku, nyuki wakiwa wamepoa. Niliporudi nilijaribu mara moja. Nilipanda na mwenge, nikaweka sikio kwenye gogo, nikasikia ule mngurumo ndani yake. Nikashuka.

Tangu siku hiyo narina mchana.