Meli Ikijaa, Vya Bure Huisha

Wamarekani wanaopenda meli za kitalii wana hasira. Si hasira ndogo. Hawa ni watu waliosafiri mara 10, mara 20, wana kadi za uanachama za dhahabu na almasi, na sasa wanahisi wamechezwa. Bakshishi ya kila siku imepanda. Chumba kilichokuwa kinasafishwa asubuhi na jioni sasa kinasafishwa mara moja. Kwenye meli za Carnival ukiagiza sahani kuu ya tatu mezani, unalipa dola 5, ilhali zamani ulikula mpaka ukashindwa kusimama. Vitu vidogo vidogo vilivyomfanya mtu ajihisi mfalme kwa wiki moja vinapunguzwa kimoja baada ya kingine, na bei ya tikiti haishuki ng'o.

Najua unachosema hapo ulipo. "Bro, hizo ni shida za watu wenye pesa. Sisi huku tunahesabu nauli ya kesho." Haki yako. Lakini nipe dakika chache, kwa sababu nimefuatilia historia ya hii biashara na nimegundua kitu ambacho kila mtu aliyewahi kupanda matatu anakijua tayari.

Gari likiwa tupu, makanga anakuita boss, anakubebea mzigo, anakupunguzia shilingi 20. Mvua ikinyesha saa kumi na mbili jioni na foleni ikifika kona, huyo huyo hakuoni. Nauli imeongezeka mara mbili na unaambiwa ukikataa, shuka. Makanga hajabadilika roho. Kilichobadilika ni idadi ya viti vilivyobaki.

Sasa chukua hiyo hesabu uipeleke baharini.

Safari ya meli kwa ajili ya starehe tu haikuzaliwa kwa sababu tajiri fulani aliota ndoto nzuri. Ilizaliwa kwa sababu ya meli tupu. Mjerumani Albert Ballin, wa kampuni ya HAPAG ya Hamburg, alikuwa na shida moja kila mwaka: majira ya baridi yakifika, Atlantiki inachafuka na abiria wa kwenda Marekani wanapungua. Meli kubwa zinakaa tu, zinakula pesa. Januari 1891 akaichukua mojawapo, Augusta Victoria, akaijaza wageni 241 na kuwapeleka Mediterania kuzurura. Watu walimcheka. Wiki kadhaa baadaye meli ilirudi na wageni wenye furaha, na biashara mpya ikawa imezaliwa.

Na hata kabla ya Ballin, kampuni zilikuwa zinajua kutoa vya bure zikitafuta wateja. Mwaka 1844 kampuni ya P&O ya Uingereza ilimpa mwandishi William Makepeace Thackeray safari ya bure ya Mediterania mpaka Misri. Naye akaandika kitabu kizima kuhusu safari hiyo, kikatoka 1846. Kwa hivyo wale mnaotusema sisi watengeneza maudhui kwamba tunalishwa na kampuni ndio tuseme mazuri, jueni mchezo huu una zaidi ya miaka 170. Thackeray ni babu yetu.

Tuendelee. Mwanzoni mwa karne ya 20, pesa nyingi ya kampuni za meli haikutoka kwa wale wa suti na kofia kule juu. Ilitoka kwa wahamiaji maskini waliorundikwa daraja la tatu kwenda kutafuta maisha Marekani. Halafu Marekani ikafunga mlango. Sheria ya 1921, na nyingine kali zaidi ya 1924, zikapunguza sana idadi ya wahamiaji kutoka Ulaya. Vitanda vya chini vikabaki vitupu. Kampuni zilifanya nini? Zikapaka rangi, zikatandika shuka safi, zikabadilisha jina la daraja la tatu na kuanza kuwauzia walimu na wanafunzi waliotaka kuona Paris kwa bei nafuu. Unaona mtindo? Kitanda kitupu ndicho kilichomletea mtu wa kawaida shuka safi.

Mwaka 1958 ndege za jeti zikaanza kuvusha abiria Atlantiki. Safari ya siku 5 ikawa ya saa chache. Hapo ndipo meli zilipigwa kofi halisi. Na kofi hilo lilifika mpaka kwetu.

Waulize wazee wa Mombasa kuhusu meli za British India. Karanja na Kampala zilikuwa zikitoka Bombay mpaka Kilindini, na ndani yake kulikuwa na dunia mbili: wenye vyumba, na abiria wa deki waliolala nje na matandiko yao wenyewe. Upande wa London kulikuwa na dada wawili, meli ya Kenya ya 1951 na meli ya Uganda ya 1952, zilizojengwa mahususi kwa njia ya Afrika Mashariki. Ndege zikala abiria, mfereji wa Suez ukafungwa 1967, na mwisho wa njia ukafika. Kenya ikauzwa kama chuma chakavu mwaka 1969. Uganda ikageuzwa kuwa meli ya kuwatembeza wanafunzi wa Uingereza, na mwaka 1982 ikatumika kama hospitali kwenye vita vya Falkland. Meli iliyobeba makarani na wamisionari kuja kwetu iliponea kwa kugeuzwa kuwa ya matembezi. Meli tupu, kazi mpya. Ni hadithi ile ile.

Biashara ya kisasa nayo ilianza hivyo hivyo. Mnorwe Knut Kloster alikuwa na meli mpya, Sunward, aliyoijengea safari za kati ya Uingereza na Gibraltar. Ugomvi wa Uingereza na Hispania juu ya Gibraltar ukaiharibu ile njia. Kule Miami alikuwepo Ted Arison, aliyekuwa na wateja lakini hana meli. Wakaungana mwaka 1966, Sunward ikaanza kuzunguka Bahamas. Baadaye wakakosana, na mwaka 1972 Arison akaanzisha Carnival na meli moja kuukuu iliyonunuliwa, akaiita Mardi Gras. Safari ya kwanza kabisa, na mamia ya mawakala wa usafiri ndani, ikakwama kwenye mchanga palepale nje ya bandari ya Miami. Aibu ya mwaka!

Lakini Arison na wenzake walikuwa na wazo lililobadilisha kila kitu. Walisema: tuondoe madaraja. Mfanyakazi wa kiwanda na daktari wale ukumbi mmoja, waone onyesho moja, wote wapewe chakula bila kuhesabiwa sahani. Lipa mara moja, sahau pochi. Mwaka 1977 kipindi cha televisheni cha The Love Boat kikaanza, na Mmarekani wa kawaida akaona kwenye sebule yake kwamba bahari si ya matajiri pekee.

Hicho ndicho abiria wa leo anacholilia. Anadhani kile kifurushi cha "kila kitu ndani" kilikuwa sheria ya asili, kama jua kuchomoza. Hakikuwa. Ilikuwa bei ya kumshawishi mtu aliyeogopa bahari apande meli ambayo bila yeye ingeondoka na vitanda vitupu. Ni makanga akikuita boss.

Halafu korona. Februari 2020 Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama na watu kama 3,700 ndani, zaidi ya 700 wakaambukizwa. Mwezi uliofuata biashara nzima ikasimama. Hapa sasa kuna somo ambalo wengi hawalizungumzii. Hizi kampuni zina makao Florida, lakini kwenye karatasi si za Marekani. Mwaka 2020 Carnival ilikuwa imesajiliwa Panama, Royal Caribbean Liberia, na meli zinapeperusha bendera za nchi kama Bahamas na Panama. Kwa miaka mingi hilo liliwaokolea kodi nyingi. Serikali ya Marekani ilipofungua mfuko mkubwa wa kuokoa kampuni mwaka 2020, masharti yalitaka kampuni iwe imeundwa Marekani. Wakabaki nje, wanaangalia dirishani.

Ikabidi wakope. Aprili 2020 Carnival ilichukua mkopo wa dola bilioni 4 kwa riba ya asilimia 11.5. Kwa kampuni kubwa namna hiyo, hiyo ni riba ya mtu aliyeshikwa shingo. Deni lake likaja kupita dola bilioni 30. Meli za zamani zikapelekwa Aliağa, Uturuki, kukatwakatwa, ikiwemo Sovereign of the Seas ambayo mwaka 1988 ilikuwa fahari ya dunia.

Deni hulipwa na mtu. Na watu walirudi, tena kwa kishindo. Meli zikajaa mpaka kupita asilimia 100, kwa sababu wao huhesabu watu 2 kwa chumba na wa tatu na wa nne ni nyongeza. Mwaka 2024 Carnival ilipata mapato ya dola bilioni 25, rekodi yake wakati huo. Januari mwaka huo huo Royal Caribbean ikaanza kusafirisha abiria kwa Icon of the Seas, inayoweza kubeba abiria 7,600. Hakuna kitanda kitupu. Kwa hivyo hakuna sababu ya kukuita boss.

Na madaraja yaliyofukuzwa yamerudi kimyakimya kupitia kadi ya mlango. Meli za Norwegian zina eneo liitwalo The Haven, MSC wana Yacht Club: bwawa lao, mkahawa wao, lifti inayokubali kadi fulani tu. Mwaka 2025 Carnival ikatangaza kwamba uanachama wake utaanza kupimwa kwa pesa unazotumia, si siku ulizolala baharini. Yule mzee aliyesafiri nao tangu nywele zikiwa nyeusi akaelewa: uaminifu wake ulikuwa na bei, na bei imepitwa.

Mpaka hapa mimi niko upande wa abiria. Lakini kuna mtu mmoja hatajwi kwenye haya malalamiko, na kwangu ndiye kiini cha jambo.

Chukua bakshishi. Zamani abiria alimpa mhudumu bahasha usiku wa mwisho, wakaagana. Siku hizi inakatwa moja kwa moja. Royal Caribbean iliipandisha mpaka dola 18.50 kwa mtu kwa siku mwishoni mwa 2024 kwa vyumba vya kawaida. Familia ya watu 4, siku 7, hiyo ni dola 518. Kwa pesa zetu ni kama shilingi elfu 67, na hujanunua hata soda. Abiria akikasirika, anaenda dawati la wageni anaomba iondolewe. Anahisi ameiadhibu kampuni. Lakini hiyo pesa ndiyo inayojaza mshahara wa anayetandika kitanda chake na kumpakulia chakula. Mfilipino, Mhindi, Mwindonesia, na siku hizi kijana wa Likoni au Kisumu aliyetafuta vyeti vya ubaharia na kusaini mkataba wa miezi mingi mbali na kwao.

Chumba kusafishwa mara moja badala ya mbili? Abiria anaona taulo chafu. Mimi naona kampuni inayoweza kumpa mhudumu mmoja vyumba vingi zaidi. Huduma haipungui juu tu bila kitu kuongezeka chini. Hasira inayoanzia kwenye ofisi ya hesabu Miami inatua kwa mtu mwenye ndoo na tabasamu la lazima.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa anayesafiri, hata kama ni ile meli moja utakayopanda maishani: ukitaka kulalamika, lalamika kwa kampuni, na usiguse bakshishi. Na ukitaka kampuni ikusikie, silaha ni moja tu, ile iliyowafanya Ballin, Kloster na Arison kuwa wakarimu: kitanda kitupu. Baki nyumbani mwaka mmoja. Nenda kwa mshindani. Komenti elfu moja kwenye meli iliyojaa ni kelele za upepo.

Kwa wenzangu mnaotafuta kazi huko, swali la kuuliza kabla ya kusaini ni hili: mshahara wangu wa uhakika ni kiasi gani, na kiasi gani kinategemea moyo wa abiria? Kama sehemu kubwa ni ya pili, jua kwamba kila mara kampuni inapomuudhi mteja, ni mfuko wako unaowekwa rehani.

Nauliza, kwa uzito kabisa: kuna yeyote hapa amewahi kufanya kazi kwenye hizi meli? Wakati abiria wanaanza kuondoa bakshishi, mlifanya nini? Tuambie, tusiwaachie abiria peke yao kuandika hii historia.