Viwanja vya Besiboli vya Atlanta: Kutoka Mti wa Magnolia Hadi Kaunti ya Cobb

Kama uliona ama umesimuliwa Olimpiki ya 1996 kule Atlanta, Marekani, unajua Joseph Keter ndiye alitupea dhahabu pekee ya Kenya mwaka huo, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akimwacha Moses Kiptanui na fedha. Pauline Konga naye akabeba fedha ya mita 5,000, mwanamke wa kwanza Mkenya kupata medali ya Olimpiki. Sasa, ule uwanja walikimbilia haukukaa hivyo hata mwaka mmoja. Ulibomolewa upande mmoja, ukapandwa nyasi, na 1997 ukawa nyumba ya Atlanta Braves, timu ya besiboli. Miaka 20 baadaye, Braves wakahepa.

Hiyo ndiyo tabia ya hili jiji. Ukifuata viwanja vyake vya besiboli unaona ni nani ako na doo, nani ako na gari, na ni mtaa wa nani unapigwa tingatinga.

Tuanze na Ponce de Leon Park, wenyeji waliuita Poncey. Ulifunguliwa 1907, wa mbao, ukaungua 1923. Mwenye timu, Rell Spiller, akaujenga upya kwa simiti na chuma. Hapo ndipo walicheza Atlanta Crackers, timu ya wazungu ya ligi ya chini. Wakisafiri, uwanja unachukuliwa na Atlanta Black Crackers, timu ya watu weusi. Uwanja mmoja, timu mbili, na hazikutani. Sheria za ubaguzi za Georgia zilikuwa hivyo, hata mashabiki weusi walitengewa sehemu yao ya kukaa.

Kitu cha kushangaza pale ni mti. Huko nyuma kabisa ya uwanja palikuwa na mti wa magnolia ndani ya sehemu ya kuchezea. Mpira ukiingia kwa matawi, mechi inaendelea, ni wewe kuutafuta. Hao wasee hawakuona shida.

Lakini siku kubwa ya Poncey ilikuja Aprili 1949. Brooklyn Dodgers walikuja kucheza mechi tatu za kirafiki na Crackers, na ndani ya Dodgers kulikuwa na Jackie Robinson, mchezaji mweusi wa kwanza kwa ligi kuu ya enzi hizo, na mzaliwa wa Georgia. Bosi wa Ku Klux Klan jimboni, Samuel Green, akapiga kelele ati ni haramu weusi na wazungu kucheza pamoja. Mwenye Crackers, Earl Mann, hakumskiza. Mechi ya kwanza ilikuwa Aprili 8. Kufikia Jumapili, watu zaidi ya 25,000 walijaa, wengi wao weusi, wengine wakiketi nyasini kwa kukosa viti. Hakuna aliyeumizwa.

Miaka ya 60, meya Ivan Allen alitaka timu ya ligi kuu. Stori yake ni moto: alijenga uwanja kwa ardhi isiyokuwa ya jiji, kwa pesa ambazo hazikuwepo, kwa timu ambayo haikuwa imesaini. Ulikamilika chini ya mwaka mmoja, kwa karibu dola milioni 18, na Braves wakatoka Milwaukee kuingia 1966.

Hapo sasa ndipo kuna uchungu. Uwanja uliwekwa karibu na Summerhill, mtaa ulioanzishwa na watumwa walioachiliwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Barabara kuu zilikuwa zishapita hapo katikati, nyumba zikabomolewa kwa jina la kusafisha jiji, na penye watu waliishi pakawa maegesho ya magari. Septemba 1966, miezi michache tu baada ya Braves kufika, polisi walimpiga risasi mshukiwa mweusi na Summerhill ikawaka. Allen mwenyewe alipanda juu ya gari kujaribu kutuliza watu, wakalitikisa hadi akashuka.

Na bado ni uwanja huo huo uliompa Hank Aaron jina. Rekodi ya Babe Ruth ilikuwa homurani 714, yaani mara 714 za kupiga mpira hadi nje na kuzunguka vituo vyote. Aaron alimaliza msimu wa 1973 akiwa na 713. Fikiria baridi yote hiyo unangoja, na barua zinakuja, nyingi za matusi, zingine za kusema utauawa, kwa sababu tu mtu mweusi anataka kumpita mzungu. Alitembea na askari. Halafu Aprili 8, 1974, miaka 25 kamili baada ya Robinson kukanyaga Poncey, akampiga Al Downing wa Dodgers ile ya 715. Watu zaidi ya 53,000 walisimama. Mamake alikimbia uwanjani akamkumbatia na hakutaka kumwachilia.

Uwanja huo ulilipuliwa Agosti 1997. Kipande cha ukuta kikaachwa kuonyesha mahali mpira ulipita, katikati ya maegesho.

Braves walivuka barabara tu, wakaingia ule uwanja wa kina Keter, ukaitwa Turner Field. Kamati ya Olimpiki ndiyo iliulipia, kwa hivyo timu ilipata nyumba kwa bei ya jioni. Ikadumu hadi 2016. Sababu walizotoa ni maegesho machache, treni mbali, na mashabiki wanaonunua tiketi nyingi wanaishi kaskazini.

Kaskazini maana yake kaunti ya Cobb. Ubaya ni kwamba Cobb ilikataa treni ya MARTA kwa kura mwaka 1965, na hadi leo haifiki huko. Kwa hivyo timu iliyolalamika treni iko mbali ilihamia mahali hakuna treni kabisa. Uwanja mpya ulifunguliwa 2017, sasa unaitwa Truist Park, na kaunti ilitoa karibu dola milioni 300. Wenyeji hawakupigia kura hiyo pesa. Walipopata nafasi, 2016, walimtoa mwenyekiti wa kaunti aliyepitisha dili, Tim Lee.

Kibiashara, deal imelipa timu. Kuna maduka, baa na nyumba kando ya uwanja, na kodi inaingia hata siku hakuna mechi. Kikombe kilikuja 2021, mwaka uleule Aaron alifariki.

Na Summerhill? Chuo kikuu cha Georgia State kilinunua Turner Field, sasa wanachezea futiboli ya Kimarekani. Kando yake kumejengwa mikahawa na nyumba mpya. Poncey ilibomolewa zamani ikawa maduka, lakini ukienda nyuma yake, ule mti wa magnolia bado uko.