Rekodi za Bonds zifutwe?

Rekodi iliyopatikana kwa dawa ni rekodi kweli? Wamarekani wamelumbana juu ya swali hili kwa zaidi ya miaka 20, na leo nimeamua kujiingiza bila kualikwa.

Kwa wale ambao besiboli ni kitendawili: mmoja anarusha mpira, mwingine anauchapa kwa gongo. Akiuvusha uzio wa uwanja, anazunguka vituo vyote vinne bila kuguswa. Hiyo ndiyo homurani, na anayezipiga kwa wingi huabudiwa.

Mwaka 1961 Roger Maris alipiga 61 katika msimu mmoja, akampita Babe Ruth aliyepiga 60 mwaka 1927. Rekodi hiyo ilidumu miaka 37. Kisha angalieni maajabu: kati ya 1998 na 2001 ilipitwa mara sita, na watu watatu tu! Mwaka 1998 Mark McGwire alipiga 70 na Sammy Sosa 66. Mwaka 2001 Barry Bonds akafikisha 73. Agosti 2007 Bonds akaipita pia rekodi ya Hank Aaron ya homurani 755 za maisha yote ya uchezaji, akaishia na 762.

McGwire alikiri mwaka 2010 kwamba alitumia dawa za kusisimua misuli. Bonds amekana kuzitumia kwa kujua, na hukumu aliyopewa mwaka 2011 ya kuzuia haki isitendeke ilifutwa kwenye rufaa mwaka 2015. Wengi hawamwamini hata hivyo. Aaron Judge alipopiga 62 mwaka 2022, wapo waliosema huyo ndiye bingwa halali.

Mimi nasema rekodi zibaki. Na si kwa kumwonea Bonds huruma.

Kwanza, wakubwa wa mchezo walikuwa wapi? Mwaka 1994 wachezaji waligoma, fainali hazikuchezwa, mashabiki wakasusa. Mbio za McGwire na Sosa ndizo zilizosaidia kuwarudisha viwanjani. Waraka wa kamishna ulikuwa umezikataza dawa hizo tangu 1991, lakini kupima wachezaji na kuwaadhibu kulianza 2004. Miaka yote hiyo viingilio vilihesabiwa na watu wakapiga makofi. Kufuta namba hizo leo ni kuwafutia wakubwa ushahidi.

Pili, tunazungumzia usafi upi? Ruth alipiga homurani zake 714 zote katika ligi kuu ambazo Weusi walifungiwa mlango mpaka Jackie Robinson alipoingia Aprili 1947. Josh Gibson, mpigaji hatari wa ligi za Weusi, alikufa Januari mwaka huohuo. Miezi mitatu tu, jamani! Mei 2024 takwimu za ligi zile ziliingizwa katika kumbukumbu rasmi, na Gibson akampita Ty Cobb kwa wastani wa upigaji. Hakuna aliyemfuta Ruth. Walimwongeza aliyeachwa nje.

Anayeniuma mimi ni Aaron. Alipoikaribia rekodi ya Ruth, alitumiwa barua za matusi na vitisho vya kuuawa kwa sababu ni mweusi. Aliendelea kupiga, na tarehe 8 Aprili 1974 akaipita. Nawaelewa wanaotaka arudishiwe kiti chake. Lakini 755 haipungui uzito kwa kuwa 762 imeandikwa juu yake. Anayeijua historia ya namba hizi mbili hahitaji kuambiwa ipi ina thamani kubwa.

Sisi wa magazetini tuna utaratibu wetu. Kosa likichapwa leo, kesho tunachapa sahihisho. Hatuendi maktaba kuchana nakala ya jana. Basi 73 na 762 ziandikwe, na kando yake yaandikwe yote: dawa, ukimya, fedha. Adhabu ina mahali pake. Waandishi wa besiboli walimnyima Bonds kura za kutosha kuingia katika Jumba la Heshima kwa miaka kumi mfululizo, hadi 2022. Hiyo ni haki yao, kwa sababu heshima hutolewa na watu na watu wanaweza kuizuia. Lakini ile mipira ilivuka uzio, na maelfu waliiona ikivuka.

Au wenzangu mnaonaje?