Mji wa kanga

Pita maduka ya kanga Kariakoo, utamsikia mteja: "Pindo nimelipenda kaka, ila mji umejaa mno." Mji ni uwanja wa katikati, ule unaozungukwa na pindo pande zote nne. Neno hilo hilo liko katika mji wa mimba. Nalo linaifaa nguo ambayo mwana hubebewa na kufunikwa nayo. Sehemu ya chini ya mji huandikwa jina. Vitabu huliita ujumbe au methali, lakini dukani watu huuliza, "Jina lake linasemaje?" Nawaunga mkono wa dukani.

Linganisha kanga na nguo ya mbali: wanawake sita wa mawe wa hekalu la Erechtheion, Athens, wamevaa peplos, nguo ya pande nne iliyobanwa mabegani kwa pini. Mikunjo yake ni ya ajabu, ila haina la kusoma. Ya kwetu hufungwa kwa fundo, na husomwa hata mvaaji akikupa kisogo.

Basi mafundi cherehani, mnapokata gauni la kanga, msipitishe mkasi kwenye jina.